Fimbo ya Mbali: Mhadhiri, Hadhira na Wajibu wa Kuulizwa katika Ufundishaji wa Mtandaoni

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii hutumiwa aghalabu kumkumbusha mtu kwamba msaada usio karibu hauna faida saa ya dhiki inapofika. Tangu Machi 2020, methali hii imepata maana mpya katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Tarehe 15 ya mwezi huo serikali ya Kenya ilitangaza kwamba taasisi zote za elimu zingefungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na vyuo vikuu vikapewa hadi tarehe 20 kuwaruhusu wanafunzi kurudi makwao. Katika muda wa siku chache mhadhiri aliyezoea ukumbi, ubao na nyuso za watu alijikuta akitakiwa kufundisha kwa kompyuta, mbele ya orodha ya majina yaliyoandikwa juu ya kioo cheusi. Dharura ile imepita, lakini njia iliyofunguliwa haikufungwa. Mnamo Agosti 2023 Kenya ilikipa hati Chuo Kikuu Huria chake cha kwanza cha umma, chenye makao Konza, na vyuo vya kawaida navyo vimeendelea kufundisha baadhi ya kozi zao kwa mtandao.

Mengi yaliyoandikwa kuhusu mabadiliko haya yamekuwa ya kiufundi: mitambo ipi itumike, mtihani usimamiweje, mhadhiri apewe mafunzo gani. Makala haya yanashughulikia swali la aina nyingine, ambalo ni la kimaadili kabla ya kuwa la kiufundi. Je, mhadhiri anapouhamishia mhadhara wake mtandaoni huwa amemtimizia mwanafunzi haki yake, au huwa amempunja? Na kama amempunja, ni kitu gani hasa kilichopunguka? Inadaiwa hapa kwamba swali hili haliwezi kujibiwa vyema mpaka kwanza ieleweke mhadhara ni kitu cha namna gani, na kwamba taaluma ya fasihi, hususan nadharia ya fasihi simulizi, ina zana za kulieleza jambo hilo ambazo taaluma nyingine hazina. Ili hoja isielee hewani, itafungwa kwenye mahali mahususi: Yamumbi, kitongoji kilichoko pembezoni mwa Eldoret, upande wa Kapseret, katika Kaunti ya Uasin Gishu.

2. Mhadhara kama utanzu wa fasihi simulizi

Kuna mitazamo miwili mikuu kuhusu mhadhara. Wa kwanza huuona kama mzigo. Mhadhiri ana maarifa, mwanafunzi hana. Mhadhara ni chombo cha kuyabeba maarifa kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Kwa mtazamo huu, chombo chochote kinachoufikisha mzigo salama kinatosha, iwe ni ukumbi, kitabu, kaseti au mtandao. Mtazamo wa pili huuona mhadhara kama uwepo. Elimu ya kweli, wafuasi wake husema, hutoka kwa mtu hadi kwa mtu; bila mwili wa mwalimu mbele ya mwanafunzi hakuna ufundishaji bali kuna taarifa tu. Wa kwanza huutetea mtandao bila masharti, na wa pili huukataa bila masharti.

Mitazamo hii miwili inaonekana kupingana, ilhali ina kosa moja linaloiunganisha. Yote miwili humtazama mhadhiri peke yake: wa kwanza hutazama alicho nacho, wa pili hutazama alipo. Mwanafunzi katika mitazamo yote miwili ni mpokeaji tu. Nadharia ya fasihi simulizi inafundisha vinginevyo. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipopendekeza kuvunjwa kwa Idara ya Kiingereza katika Nairobi, na fasihi simulizi kuwekwa katika kiini cha masomo ya fasihi, hawakuwa wakiongeza matini mpya kwenye orodha ya vitabu tu. Pendekezo lao liliwalazimu wahakiki kukubali kwamba kuna sanaa ambayo haimo ndani ya matini bali imo katika tukio, na kwamba katika tukio hilo hadhira ni mshiriki.

Mfano ulio wazi kabisa ni kitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!", na hadhira hujibu "Tega!" Kabla ya jibu hilo, kitendawili hakijategwa. Mtegaji anaweza kuwa na fumbo zuri kuliko yote, anaweza kuwa amekaa katikati ya baraza, lakini pasipokuwa na anayeitikia hakuna utanzu uliotendeka. Hali ni hiyo hiyo kwa ngano inayofunguliwa kwa "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!" Mwitiko huu si pambo. Ni idhini ambayo hadhira humpa fanani ili aendelee, na idhini inaweza kunyimwa. Fanani anayeiona hadhira ikisinzia hubadilisha sauti, huingiza wimbo, hufupisha kisa au hukirefusha. Matini ya mwisho, kwa hiyo, ni kazi ya pande mbili.

Mhadhara wa chuo kikuu, ukipimwa kwa kipimo hiki, ni utanzu wa fasihi simulizi hata kama msingi wake ni karatasi zilizoandikwa. Mhadhiri ana muhtasari kama vile mtambaji ana kiunzi cha kisa. Kinachofanywa ukumbini ni utendaji. Kikunjo cha uso wa mwanafunzi wa safu ya tatu humwambia kwamba istilahi aliyoitumia haikueleweka. Kicheko humwambia kwamba mfano umeingia. Swali linalokatiza mkondo wa maelezo linaweza kuubadilisha mhadhara mzima, na mara nyingine linaweza kumbadilisha mhadhiri mwenyewe. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kwa mantiki hiyo hiyo, mwalimu asiyeulizwa hana hakika ya alichokifundisha.

Hapa ndipo tofauti ya msingi inapojitokeza. Kama mhadhara ni tukio la pande mbili, basi wajibu mkuu wa mhadhiri si kufikisha mzigo wala si kuwapo tu. Ni kuwa mtu anayeweza kuulizwa: kujiweka mahali ambapo neno la mwanafunzi linaweza kumfikia, kumkatiza na kumlazimu kujibu au kukiri kwamba hana jibu. Kuwapo kwa mwili hakuhakikishi jambo hili. Mhadhiri anayeingia katika ukumbi wa wanafunzi mia tatu, akasoma imla kutoka katika karatasi zilizogeuka rangi kwa ukongwe, kisha akaondoka, alikuwapo kwa mwili lakini hakuulizika. Yeye ni fimbo ya mbali ingawa amesimama karibu. Kwa hiyo mhadhiri wa aina hii hawezi kuutumia mtandao kama kisingizio cha kusikitikia ubora uliopotea, kwa kuwa ubora huo hakuwa nao.

3. Ufundishaji wa mbali si mgeni

Inafaa kukumbuka kwamba jamii za Waswahili na nchi za Afrika Mashariki zimekuwa na mafunzo ya mbali kwa muda mrefu. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa katika ugonjwa ambao hakutarajia kupona, alitunga utendi wa kumwusia bintiye. Utendi huo ni ufundishaji wa mbali kwa maana kamili kuliko zote, kwa kuwa masafa yaliyokusudiwa kuvukwa ni ya mauti. Mwalimu alijua kwamba somo lingesomwa akiwa kaburini. Hata hivyo, jambo la kwanza analolifanya mtunzi ni kumwita binti aje karibu, akiwa na wino na karatasi. Maandishi yenyewe yanaanza kwa kuomba ukaribu. Ni kana kwamba mtunzi alitambua kwamba neno lililoandikwa linahitaji kuzaliwa katika kikao cha watu wawili ili liweze kuishi baada ya kikao hicho kuvunjika.

Aidha, utendi huo haukuachwa peke yake. Ulinakiliwa, ukaghaniwa, ukafafanuliwa na waliobaki. Katika desturi ya elimu ya pwani kwa jumla, kitabu hakikuwa mbadala wa darasa. Mwanafunzi alikisoma kitabu mbele ya sheikhe, naye sheikhe alikifungua kwa maelezo na kuulizwa. Hata Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, alipoanza kulipeleka somo lake kwa umma kwa karatasi za Sahifa na baadaye kwa gazeti la Al-Islah mnamo 1932, hakuacha kufundisha ana kwa ana. Kalamu iliongeza upana wa darasa bila kulifunga.

Baada ya hapo zilifuata taasisi rasmi. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kilianzishwa kitengo cha masomo ya posta kilichoendeshwa kutoka Kikuyu, kikiwahudumia hasa walimu waliokuwa kazini. Masomo yalipelekwa kwa barua na kwa redio. Kazi za wanafunzi zilirudishwa zikiwa zimesahihishwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikajengwa juu ya wazo kwamba mtu asiyeweza kuacha shamba, kazi au ulezi asinyimwe shahada. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa Chuo Kikuu cha Afrika cha mtandao, ambao ulipeleka mihadhara kwa setilaiti katika vyuo kadhaa vya bara hili, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwamo. Nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009 ziliupunguza utegemezi wa setilaiti na kuiandaa njia ambayo mwaka 2020 ilitumiwa na wengi kwa mara ya kwanza.

Historia hii inatoa funzo moja. Mafunzo ya mbali yaliyoheshimiwa yalikuwa na njia ya kurudi. Barua ilikwenda na barua ilirudi. Mkufunzi wa posta hakumwona mwanafunzi wake, lakini wino mwekundu aliouacha pembezoni mwa insha ulimthibitishia mwanafunzi kwamba kuna mtu aliyemsoma. Masafa hayakuwa dhambi. Dhambi ingekuwa kupeleka bila kupokea.

Suala hili ni la kale kuliko karatasi za Kikuyu. Katika Phaedrus, Plato anamfanya Socrates alalamike kwamba maandishi yanafanana na picha: yanaonekana kama yaliyo hai, lakini ukiyauliza yanarudia neno lile lile daima. Lalamiko hilo huchukuliwa mara kwa mara kuwa ni chuki dhidi ya kalamu. Ukilitazama vizuri, ni lalamiko dhidi ya usemi usioweza kujitetea kwa sababu aliyeutoa hayupo kujibu. Mhadhara uliorekodiwa ni maandishi ya aina hiyo, ijapokuwa una sauti na sura. Unacheka pale pale, unakohoa pale pale, na hausikii.

Kisa cha Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, kinaudhihirisha ukweli huu kwa namna ya kutisha kidogo. Mapema mwaka 2021 mwanafunzi mmoja wa kozi ya historia ya sanaa, akitaka kumwandikia mwalimu aliyekuwa akimtazama katika mihadhara ya video, aligundua kwamba mwalimu huyo, François-Marc Gagnon, alikuwa amefariki mwaka 2019. Kozi ilikuwa na msimamizi mwingine aliye hai na wasaidizi wa kusahihisha kazi, kwa hivyo haiwezi kusemwa kwamba wanafunzi waliachwa bila mtu. Hata hivyo mshtuko uliotokea unahitaji maelezo. Hakuna anayeshtuka kwa kusoma kitabu cha marehemu. Maktaba zimejaa maneno ya wafu. Binti Mwana Kupona alijua kwamba anasoma wosia. Kilichoshtua Concordia ni kwamba utanzu uliahidi jambo ambalo haukuwa nalo. Sauti ile ilisema kama mtu anayeulizika, na ilhali hakukuwa tena na wa kuulizwa. Kosa, kwa lugha ya uhakiki, lilikuwa la utanzu. Kwa lugha ya maadili, lilikuwa la ahadi.

4. Yamumbi: gharama ya kuuliza

Hadi hapa hoja imeelekea kwenye hitimisho rahisi: mtandao ni halali iwapo mhadhiri anaulizika. Yamumbi inalifanya hitimisho hilo kuwa gumu zaidi.

Achukuliwe mwanafunzi wa kufikirika wa fasihi ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Moi, ambaye nyumbani kwao ni Yamumbi. Bewa kuu la chuo hicho liko Kesses, yapata kilomita 35 kutoka Eldoret. Kabla ya Machi 2020, gharama ya kuuliza swali ukumbini ilikuwa ni ujasiri. Alihitaji kuinua mkono mbele ya wenzake na kuvumilia uwezekano wa kuchekwa. Hiyo ni gharama kubwa kwa wengine, hasa kwa walio na haya, lakini ni gharama ambayo maskini na tajiri waliitoa kutoka katika mfuko mmoja. Baada ya hapo gharama ilibadilika. Kuuliza swali mtandaoni kunahitaji simu inayofaa au kompyuta, bando la kutosha, umeme, mtandao usiokatika, na mahali pa kusemea. Katika nyumba yenye chumba kimoja au viwili, anayewasha kipaza sauti huuliza swali lake kuhusu Kezilahabi mbele ya mtoto anayelia, redio ya jirani na wazazi wanaosubiri amalize ili akachote maji. Akiiwasha kamera, huwaonyesha wenzake ukuta ambao hakuwahi kuwaalika wauone. Si ajabu basi kwamba wengi huzima vyote viwili. Kimya chao hakimaanishi kwamba hawana maswali.

Takwimu zinaitilia nguvu picha hii. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, ni asilimia 22.6 tu ya watu wenye umri wa kuanzia miaka mitatu nchini Kenya waliotumia intaneti, na asilimia 10.4 waliotumia kompyuta. Mwaka uliofuata taifa liliuhamishia ukumbi mahali ambapo wengi wa raia wake hawakuwa wamewahi kufika. Zilifanywa juhudi. Mtandao wa elimu wa KENET uliviwezesha vyuo kufundisha kwa video, na Julai 2020 kampuni ya Loon, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutoa intaneti kwa maputo yaliyoelea kilomita zipatazo 20 angani, katika eneo lililojumuisha Eldoret na Iten. Mapema mwaka 2021 mradi huo ulifungwa kwa kuwa haukulipa kibiashara. Maputo yalishuka, ila wajibu wa mhadhiri haukushuka nayo.

Kinachofuata kimaadili ni kwamba haitoshi mhadhiri kusema, "Mimi niko tayari kuulizwa." Utayari wake ni wa kweli pale tu ambapo swali linaweza kumfikia bila kumfilisi anayeliuliza. Kanuni inaweza kuelezwa hivi: anayeichagua njia ndiye mwenye kuubeba mzigo wa njia. Mwaka 2020 njia haikuchaguliwa na mtu. Maradhi yaliilazimisha, na kwa hiyo lawama zilizotupiwa wahadhiri wakati huo zilikuwa nyingi kupita haki. Lakini tangu kumbi zilipofunguliwa tena, chuo kinachoipeleka kozi mtandaoni kinafanya uchaguzi. Mara nyingi huchagua kwa sababu kumbi ni chache, wanafunzi ni wengi na fedha ni haba. Sababu hizo zinaeleweka. Hata hivyo, akiba inayopatikana kwa chuo kutolipia ukumbi isigeuke kuwa deni la mwanafunzi wa Yamumbi anayenunua bando. Chuo kinachohamisha gharama kwa namna hiyo huwa kimelipandisha karo bila kulitangaza, na mhadhiri anayenyamaza huwa ameshiriki.

5. Hadhira inayojiona

Liko jambo la pili ambalo Yamumbi inalifunua, na hili ni zito zaidi kwa sababu haliwezi kutatuliwa kwa bando.

Yamumbi ni miongoni mwa sehemu za eneo la Eldoret zilizotajwa katika hati za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, pamoja na Huruma, Kiambaa, Kimumu na Langas. Kesi husika ilisitishwa Aprili 2016 bila mtu kutiwa hatiani, na si shabaha ya makala haya kuifufua. Linalohusu hapa ni kumbukumbu ya mahali. Majirani walikimbiana. Katika siku zile ujumbe mfupi wa simu ulitumiwa kusambaza uvumi na uchochezi, na ni katika mwaka huo huo wa 2008 ambapo Bunge lilipitisha sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa, inayokataza matamshi ya chuki. Watoto wa wakati ule wamefika, au wamekwisha kupita, umri wa kuingia chuo kikuu.

Kwa vijana wa eneo kama hili, ukumbi wa mihadhara ulikuwa, pamoja na mambo mengine, benchi moja. Waliketi bega kwa bega watu ambao wazazi wao hawakuwa wakiketi pamoja. Katika semina ya riwaya, mmoja alisema kwamba mhusika fulani alistahili adhabu yake, na mwingine, aliyekuwa na sababu zake za nyumbani, akasema hapana. Kila mmoja alimwona mwenzake akiyatamka maneno hayo, aliiona mikono yake na kusita kwake. Hadhira ya fasihi simulizi ina sifa hii ambayo aghalabu husahaulika: haimtazami fanani tu, bali hujitazama yenyewe. Msikilizaji wa ngano husikia kicheko chake kikichanganyika na cha jirani, na kwa kitendo hicho hujua kwamba yeye na jirani ni hadhira moja.

Darasa la mtandaoni, kwa jinsi linavyoendeshwa mara nyingi, humpa kila mwanafunzi njia ya kumwona mhadhiri, lakini humnyima njia ya kuwaona wenzake isipokuwa kama majina. Na majina, katika nchi ambamo jina huchukuliwa upesi kuwa kabila, ndiyo sehemu ya mtu iliyo rahisi kuliko zote kuhukumiwa. Ukumbi ulimpa mwanafunzi jina la mwenzake likiwa limefungamana na uso, sauti na mzaha. Kioo humpa jina tupu. Ni vigumu kudai kwamba hakuna kilichopotea.

Hapa basi hoja ya kuulizika inafikia mpaka wake. Hata mhadhiri anayejibu kila swali usiku na mchana hawezi, peke yake, kuwapa wanafunzi wake wao kwa wao. Haki ya mwanafunzi ina matawi mawili: haki ya kumwuliza mwalimu, na haki ya kuwa sehemu ya hadhira inayojiona. Tawi la kwanza linaweza kuvuka masafa likigharimiwa. Tawi la pili huvuka kwa shida, na baadhi ya sehemu zake hazivuki kabisa.

6. Pingamizi: ukumbi nao una mlango

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba wanafunzi wote warudi ukumbini na milango ifungwe. Pingamizi lenye nguvu linazuia hitimisho hilo. Ukumbi haujawahi kuwa wazi kwa wote. Mama anayenyonyesha, mwalimu wa shule ya msingi anayetaka shahada ya uzamili bila kuacha kazi, mtu mwenye ulemavu ambaye ngazi za jengo humzuia, kijana aliyekosa nauli ya kwenda Kesses: hawa wote waliukuta mlango umefungwa kabla ya mtandao kuwapo. Kwao, kioo cheusi hakikuchukua nafasi ya benchi, maana benchi hawakuwa nalo. Kuwaambia kwamba mafunzo ya mtandaoni ni elimu duni ni kuwaambia kwamba afadhali wasiwe na chochote.

Zaidi ya hayo, wako wanafunzi ambao haya iliwafunga midomo ukumbini na ambao sasa huandika maswali yao bila woga. Gharama ya ujasiri kwao ilikuwa kubwa kuliko gharama ya bando. Mhadhiri mwadilifu hawezi kulipuuza kundi hili kwa sababu tu anaupenda ukumbi wake.

Pingamizi hili ni sahihi, na linaisahihisha methali iliyotangulizwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ni kweli. Lakini asiyekuwa na fimbo ya karibu hufanyaje? Jibu linalofaa si kumnyang'anya ya mbali, bali ni kumsogezea. Kwa hiyo hukumu ya kimaadili isitolewe kwa chombo, itolewe kwa namna wajibu unavyotimizwa kupitia chombo hicho. Mambo matatu yanafuata. Kwanza, kilichorekodiwa kitajwe kwamba kimerekodiwa, na nafasi ya kuuliza itengwe mbali nacho, kwa njia iliyo nafuu kuliko zote ambayo mwanafunzi maskini wa darasa anaimudu, hata kama njia hiyo ni ujumbe wa maandishi au simu ya kawaida. Pili, gharama ya njia ihesabiwe waziwazi na chuo, wala isifichwe katika mfuko wa mwanafunzi. Tatu, pale ambapo kozi haina budi kuwa ya mtandaoni, pawe na vikao vya kukutana, hata vichache, na vikao hivyo visitumiwe kutoa mihadhara ambayo ingeweza kutumwa. Vitumiwe kwa yale yasiyotumika mbali: mjadala, utendaji wa fasihi simulizi, na kubishana kwa heshima. Kitengo cha posta cha Kikuyu kilijua jambo hili. Kiliwaita wanafunzi wake wakutane kwa vipindi vifupi. Ujuzi huo haukupaswa kusahaulika kwa sababu tu barua imekuwa ya umeme.

7. Hitimisho

Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, nchi nzima imening'inia angani. Msomaji wa leo anaweza kushawishika kuiona kama utabiri wa darasa lisilo na ardhi. Lakini mwandishi hakuilaumu nchi yake kwa kuwa hewani. Alichokikemea ni kwamba wajumbe wake waliokwenda mbali wakarudi na maarifa walitupwa gerezani badala ya kusikilizwa, na kwamba ilimbidi Karama asimame mbele ya baraza kwa siku kadhaa ili neno lake lipewe sikio. Nchi ile ilianza kupona pale watawala wake walipokubali kusikia na kujibu, nayo ilikuwa bado angani.

Mhadhiri wa mtandaoni yumo katika hali inayofanana na hiyo. Haulizwi kwa nini ameondoka ardhini. Mara nyingi hakuwa na hiari. Anaulizwa kama bado anasikika na anasikia, kama gharama ya kumfikia haijawatenga walio dhaifu, na kama amefanya lililo katika uwezo wake ili wanafunzi wake waonane. Akiweza kuyajibu maswali hayo matatu bila kuona haya, amemtimizia mwanafunzi wa Yamumbi sehemu kubwa ya haki yake, awe ukumbini Kesses au nyuma ya kioo. Sehemu inayobaki, ile ya benchi moja, si yake peke yake kuilipa. Ni deni la chuo na la jamii iliyokiunda chuo hicho, na deni hilo halitoweki kwa sababu ya kuwapo kwa njia ya bei nafuu zaidi ya kutolilipa.